Madam Yuko Kama Kawaida

Daktari alitaka kujua kitu kimoja tu kutoka kwangu: Madam alikuwaje kabla ya kuugua. Alinivuta pembeni kwenye korido ya wodi akaniambia kwamba moyo wa mgonjwa una valvu isiyofunga vizuri. Dawa atampa, alisema, lakini kama atampeleka kwenye upasuaji au la, hilo linategemea ubovu wenyewe umekaa mwilini muda gani. Kiswahili alikiokota alipokuwa daktari wa jeshi, na alikitumia kwa uangalifu.

"Mimi nikimuuliza, ananiambia iko kama kawaida. Kila siku, kama kawaida. Wewe ndiyo mtu yake ya karibu. Sasa hiyo kawaida yake iko namna gani? Alianza kuchoka lini?"

Nilimwomba anipe hadi kesho yake. Si kwamba sikuwa na majibu. Nilikuwa nayo mengi mno. Nilikuwa mwanafunzi wake, kisha msaidizi wake, kisha mtu wa kumpigia simu Jumapili kumuuliza kama amekula. Nikarudi chumbani kwangu Kamwokya, hapa Kampala, muziki wa duka la jirani ukigonga ukuta, nikaanza kumkusanya Madam kichwani, kipande kimoja kimoja, nitafute mahali uchovu ulipoingilia. Ilikuwa kazi ya kuchosha, na mimi mwenyewe sikuwa na nguvu za kubakiza.

Kwanza, alikuwa mtu wa maneno machache. Maneno manne, kimya, maneno matatu, kimya. Darasani alifundisha uhandisi wa joto kwa Kiingereza kama walimu wote, lakini hata Kiingereza chake kilikuja kwa vipande. "Joto linashuka." Kimya, unasikia feni. "Halipandi lenyewe." Kimya tena. Sisi tulidhani ni ukali. Wengine walimwogopa kwa sababu hiyo tu, na wengine, mimi nikiwamo, tulimpenda kwa sababu hiyo hiyo, maana ulipata nafasi ya kuandika.

Siku aliyonisikia nikinung'unika kwa Kiswahili nyuma ya darasa, alinisubiri mlangoni. Alikulia kambini, hapa hapa Mbuya, baba yake mwanajeshi kutoka kaskazini, na Kiswahili kilikuwa lugha yake ya kucheza.

"Wewe mtu ya Congo?"

"Ndiyo, Madam. Niko mutu ya Bukavu."

"Kale, sawa. Basi nimepata mtu ya kuongea naye."

Kiswahili chake kilikuwa cha kambi, changu cha Bukavu, na hakuna aliyemsahihisha mwenzake. Nilipomaliza masomo sikupata kazi, kama wenzangu wengi. Yeye ndiye aliyenipeleka kwenye hospitali ndogo ya wazazi kwenye mteremko wa Mbuya, ambako alikuwa na mashine yake.

Naiita mashine yake, ingawa ilikuwa ya hospitali. Juu ya paa kulikuwa na paneli za sola, zile zinazopitisha maji ndani yake yapate moto, si zile za umeme. Chini, kwenye kibanda cha tofali, kulikuwa na pampu ya joto. Kwa asiyeijua: ni friji iliyogeuzwa. Friji inatoa joto kwenye chakula na kulitupa jikoni. Hii inachukua joto la uvuguvugu lililokusanywa na jua, inalikoleza kwa kompresa na gesi, inaliingiza kwenye tangi la maji ya kuogea. Maji hayo ndiyo yaliyowaosha wazazi na vichanga. Mashine ikizembea, wakunga wanarudi kwenye makaa na sufuria, na mama aliyetoka kujifungua anangoja ameketi kwenye shuka mbichi.

Kazi ya Madam ilikuwa kujua mashine inaumwa nini kabla haijalala kabisa. Hakufungua kitu. Aliitengenezea pacha ndani ya kompyuta, pacha wa hesabu tupu, tukimwita modeli. Modeli ilipewa jua lile lile, baridi ile ile, maji yale yale yaliyotumika wodini, ikasema mashine nzima, isiyo na ugonjwa, ingefanya nini katika hali hiyo. Kisha tunaangalia ya kweli imefanya nini, tunatoa hiki kwenye kile. Kila ugonjwa una sura yake kwenye hiyo tofauti. Paneli zikiwa chafu, joto la paa linapungua lakini pampu inabaki na adabu yake. Gesi ikipungua, kompresa inahangaika muda mrefu na inachotoa ni kidogo. Sensa ya kupima joto ikidanganya, unaona mambo ambayo hata Mungu hakuyapanga, maji yanayotoka baridi kuliko yalivyoingia.

"Usiniambie inafanya nini," alikuwa akiniambia. "Niambie inaachana wapi na mzima."

Kuna asubuhi ambayo bado nikiikumbuka nacheka. Alikuwa ameketi kwenye kiti chake kibandani, kompyuta mapajani, akaniambia bila kuinua macho: "Kuna kitu inasimama kwenye paneli ya mashariki. Asubuhi tu. Halafu inaenda." Nikapanda juu. Kaloli wawili, wale korongo wenye vipara wanaoranda kwenye majalala ya Kampala, wamesimama juu ya kioo wanaota jua, na chini yao wamepaka chokaa ya kutosha ukuta mzima. Nikateremka kumwambia.

"Fukuza. Osha," alisema, akaendelea na hesabu zake.

Yeye mwenyewe hakupanda. Paa lile sikumwona analikanyaga hata siku moja. Ukimtania, alijibu kwamba modeli ndiyo ngazi yake, nasi tulilifanya neno la kuchekea, tukalirudia hata kwa wageni.

Kwa ngazi alikuwa na taratibu zake. Pale chuoni ofisi yake ilikuwa juu, na kwenye kituo cha katikati ya ngazi kulikuwa na dirisha ambalo, ukibahatika na hali ya hewa, unaona ziwa upande wa Luzira. Madam alisimama pale kila siku. "Ziwa leo iko aje?" alimuuliza aliyekuwa naye, na wewe ulipaswa kumweleza: limetulia, lina ukungu, kuna meli bandarini Port Bell. Ukieleza haraka anakuuliza tena. Nilijifunza kulieleza ziwa kwa urefu, nikaanza hata kulipenda. Wanafunzi walisema anaringa, kwamba anapenda watu wampishe akiwa amesimama. Mimi nilikuwa namtetea, nikisema ni mtu anayependa kutazama vitu vizuri.

Sokoni alinunua kwa muuzaji wa kwanza, nyanya ziwe nzima au zimepondeka. Kutoka kwenye geti la hospitali hadi barabarani, mwendo ambao mtoto anaufanya kwa kurukaruka, yeye alipanda boda. "Mtoto ya mwanajeshi imetembea ya kutosha," alisema. Alibeba mizigo yake yote kwa mara moja, begi, kompyuta, thamosi, mwavuli, kwa sababu hakutaka kurudi, nami nikamwona ni mtu wa mipango. Kanisani alifungua mdomo wakati wa nyimbo lakini sauti haikutoka. Nilisimama karibu naye, nilijua. Alisema ana sauti mbaya, na mimi nikamwamini, maana ni nani anayesingizia sauti mbaya.

Jumapili moja mchana nilimpelekea chaja, nikamkuta amelala kitini, mito imepangwa nyuma yake. Kitanda chake nilikiona kupitia mlango, kimetandikwa vizuri kama cha mgeni. Akaamka, akaona ninakitazama.

"Kitanda ni ya watu wavivu," alisema.

Halafu kulikuwa na hili jambo lake la neno kawaida. Kazini hakulivumilia. Ukimwambia mashine iko kama kawaida, anakugeukia. "Kawaida ya nani? Ya lini?" Alitutesa wote. Kipimajoto kimoja alitaka nikijaribu kwenye barafu, kwenye maji yanayochemka na kando ya kipimajoto kingine, ndipo aamini. Lakini muulize yeye kama amewahi kupima presha.

"Ya nini? Mimi niko kama kawaida."

Nilimwambia mara nyingi kwamba anajipinga mwenyewe. Alinitazama kama mtu anayesikiliza lugha asiyoijua, akanipa kazi nyingine.

Lakini asidhaniwe alikuwa jiwe. Mama yangu alipofariki Bukavu, nami siwezi kwenda kumzika, nilijifungia chumbani. Sikumwambia mtu wa kazini ila kwamba naumwa. Madam alikuja. Mtaa wetu uko hivi: boda inakuacha chini, kisha unapanda kichochoro cha matope kati ya mabati na mitaro. Nilifungua mlango nikamkuta ameinama, ameshika fremu, viatu vimejaa udongo. Alikaa kwenye kizingiti. Hakuweza kusema neno kwa muda mrefu, anapumua tu kwa mdomo, macho yamelowa, mkono wake juu ya mkono wangu. Nikalia nikimtazama. Niliona hakuna mtu katika Kampala nzima aliyemlilia mama yangu isipokuwa mimi na yeye, ambaye hata hakumjua. Tangu siku hiyo nilimhesabu kama ndugu.

Nikiwa nimelala chali nikiyakusanya haya, nilifika kwenye kosa lake kubwa, lile alilopenda kuwasimulia wanafunzi wapya kuliko ushindi wake wowote. Nalisimulia kama lilivyokuwa.

Kwa miaka, mashine ya wazazi na pacha wake walipatana vizuri ajabu. Tukitoa hiki kwenye kile, hakuna kitu. Sista mkuu wa wakunga alilalamika kila msimu wa mvua kwamba maji ni ya uvuguvugu, na kila msimu Madam alimwonyesha mistari miwili iliyolalana kwenye kompyuta.

"Sista, mashine iko mzima. Jua ndiyo imepungua."

Sista aliondoka ameshindwa, akawasha makaa. Kisha hospitali ikajenga wodi mpya na kuiwekea mashine ya pili, ya aina ile ile. Tukaiunganisha na modeli ile ile. Mashine ya pili ikaipita modeli. Jua lile lile, maji yale yale, lakini ilitoa joto zaidi ya lile ambalo modeli ilisema ni la mashine nzima. Msimamizi wa hospitali alifurahi. Mimi pia nilifurahi, nikamwambia Madam hii mpya ni bora zaidi.

Hakufurahi. "Hakuna mashine inazidi uzima yake," alisema, akafunga mlango wa kibanda.

Alipofungua alikuwa amekipata chanzo. Modeli yoyote ina namba ambazo fizikia haikupi, unazirekebisha hadi ifanane na mashine yako. Yeye alizirekebisha kwa vipimo vya miezi ya mwanzo kabisa, mashine ikiwa bado inanuka rangi, akiamini mpya ndiyo nzima. Lakini waliofunga ile ya kwanza hawakuijaza gesi ya kutosha. Iliumwa tangu siku ya kwanza. Alipima ugonjwa akauita uzima, na kila mashine ilipoamka na ugonjwa ule ule, modeli ilisema sawa, haijabadilika. Ilikuwa kweli, haikuwa imebadilika.

Alimwendea sista mbele ya wakunga wote. Wodi ilikuwa mbali na kibanda, na alipofika alisimama kwanza, ameshika meza.

"Sista. Ulikuwa na haki. Mimi nilikosea."

Sista, ambaye alikuwa amejiandaa kwa miaka kulisikia neno hilo, alimvutia kiti. Namba za zamani zikatupwa. Madam akaijenga modeli upya kutoka kwenye fizikia na sifa za kiwanda, si kutoka kwenye mazoea ya mashine, na safari hii pacha akasema wazi: gesi imepungua. Fundi akajaza. Mvua iliyofuata, maji yalitoka ya moto, na makaa yakabaki stoo.

Basi hivyo ndivyo nilivyokuwa nimempanga. Uchovu niliuweka mwaka aliostaafu, miguu ilipoanza kuvimba na sauti kukatika kwenye simu. Kabla ya hapo, ningemwambia daktari, alikuwa mzima: mtu mtulivu, wa maneno machache, mwenye madaha kidogo, asiyependa haraka. Niliridhika na jibu hilo. Asubuhi nikaenda hospitali nikiwa nalo tayari.

Chini ya ngazi nilikutana na dada yake mkubwa. Alikuwa ametoka Gulu kwa basi, mwanamke mrefu mwenye mvi tupu, aliyemzidi Madam umri kiasi kwamba ungeweza kumdhania mama yake. Ameshika thamosi ya uji mkono mmoja na blanketi mbili kwapani. Lifti ilikuwa imekufa pamoja na umeme. Nilimwomba anipe mzigo, akakataa. Wodi iko juu kabisa.

Akapanda akiongea. Alinisimulia habari za basi, dereva asiyetaka kusimama, abiria aliyebeba kuku, mvua waliyoipata njiani, sentensi ndefu zilizofuatana bila kukatika, na miguu yake ikiendelea. Tulipofika kituo cha katikati mimi nikasimama. Hakukuwa na dirisha hapo, hakuna ziwa, ukuta tu na tangazo la kunawa mikono. Nilisimama kwa sababu miaka yote nimepanda ngazi na Madam, na hapo ndipo mtu husimama. Dada yake aligeuka akiwa ameshanitangulia.

"Mtoto yangu, umechoka?"

"Hapana, Mama. Nimezoea tu kusimama."

Nikabaki nimeshika ukingo wa ngazi. Mwanamke yule hakuwa na nguvu za ajabu. Alikuwa anapanda tu kama mtu anavyopanda. Nikaliona dirisha na ziwa langu nililolieleza kwa urefu, boda ya mwendo wa kitoto, mito nyuma ya kiti, nyimbo zisizo na sauti, maneno manne na kimya. Nikamwona kwenye kizingiti changu siku ya msiba, anapumua kwa mdomo. Hata hiyo. Niliumia, na kilichoniuma zaidi ni kizingiti. Kumbe sikuwa na siku hata moja ya Madam akiwa mzima. Yote niliyomkusanyia daktari nilikuwa nimeyakusanya kutoka kwa mgonjwa.

Daktari alikuwa kando ya kitanda cha Madam tulipofika. Madam ameketi wima, ameegemezwa, miguu imefunikwa. Aliuona uso wangu akajua kuna jambo.

"Sema."

"Daktari aliniuliza kawaida yako iko namna gani, Madam. Mi siko nayo. Tangu nakujua, unasimamaka kwa ngazi." Nilitafuta namna ya kumwambia mtu asiyeweza kufichwa hesabu. "Vipimo yangu yote ni ya ile mashine ya kwanza."

Daktari alitutazama kwa zamu, hakuelewa. Madam alielewa. Alinitazama, nikaona anapita mle mle nilimopita, kituo kwa kituo, na ninadhani alifika haraka kuliko mimi. Hakukasirika. Alionekana tu amechoka sana, na kwa mara ya kwanza hakujisumbua kuficha.

Akamgeukia dada yake akamuuliza kitu kwa Kiacholi. Swali fupi. Jibu lilikuwa refu: dada alitua thamosi, mkono wake ukapita hewani kwa kasi toka upande mmoja wa kitanda hadi mwingine, akacheka kidogo, kisha kicheko kikaisha, akagusa magoti yake, akagusa viwiko, na mwisho akashusha kiganja kuonyesha kimo cha mtoto wa shule ya msingi. Daktari aliacha alichokuwa akifanya.

"Nimemuuliza kama niliwahi kuwa mzima," Madam alituambia. Akapumzika. "Anasema nilikuwa nakimbia. Kambi yote. Wavulana nyuma." Akapumzika tena, nasi tukangoja kama tulivyozoea kungoja. "Halafu homa. Magoti ikavimba, mikono. Nikapona. Baada ya hapo sikukimbia tena."

"Homa ya viungo," daktari alisema taratibu. "Hiyo ndiyo inakula valvu. Basi ni ya toka utoto." Akavuta kiti karibu na dada mtu, akaanza kumuuliza mambo, huyu akijibu kwa Kiswahili chake cha kambi na mikono.

Madam hakuwasikiliza. Alikuwa anatazama mlango, huko ngazi ziliko.

"Na mimi miaka yote," aliniambia, "nilifikiri tu sipendi kukimbia."